Kitalu cha Maua Kisilimwe Kwanza



Tangu juma lililopita maneno ni mengi juu ya kile kitalu cha maua ya jioni nyuma ya darasa la sita. Wengine wanataka kwenye salongo ya siku ya posho watu waje na majembe, maua yang'olewe yote, tupande sombe. "Maua hatukule," ndivyo wanavyosema, na sisi makapita tumeulizwa kama tutasimamia kazi ile. Jibu letu: hapana, si sasa. Na si kwa sababu tumbo letu limeshiba. Sisi pia tunakula sahani ile ile, na tunajua mwisho wa mwezi inakuwa ginsi gani.

Ua lenyewe mnalijua: jekundu, jeupe, la manjano, lingine lina mistari sawa kitenge. Kwa Kifaransa ni belle-de-nuit. Waingereza wanaliita kwa saa yake, saa kumi ya jioni, juu linafunguka karibu wakati ule. Jina la kisayansi ni Mirabilis jalapa, na Linnaeus alilichapisha mwaka 1753. Mirabilis kwa Kilatini maana yake ni ya ajabu, na Jalapa ni mji wa Meksiko. Harufu yake inaanza kutoka wakati tunakwenda kwenye masomo ya jioni, lakini haitoki kwa ajili yetu. Inaita vipepeo vya usiku wenye ulimi mrefu, wanaofika hata chini ya ule mrija wa ua. Kesho yake jua likikaza, ua limekunjika, limekwisha.

Vitabu vya Ulaya vinaliweka kati ya maua ya mwaka mmoja. Kule ni kweli, baridi inaliua. Lakini Kisangani tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, baridi ile hatuijui, na chini ya udongo ua hili lina mzizi mnene unaochipuka tena na tena. Basi kitabu hakikudanganya, ila kiliandikwa mahali pengine. Na jambo jingine ambalo wengi katika darasa letu walikataa kuamini mpaka walipolipasua kwa wembe: ua hili halina petali hata moja. Kile chenye rangi ndicho kaliksi, na yale majani mabichi madogo ya chini, tuliyodhani ni kaliksi, ni braktea. Jamaa yake ni bugenvilia, ambayo nayo inadanganya macho vile vile: rangi yote ni ya braktea.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Sisi wa seksheni ya biolojia-kemia tumejifunza urithi kwa chaki. Ua jekundu na ua jeupe, watoto wote ni waridi. Waridi na waridi, wanatoka mmoja mwekundu, wawili waridi, mmoja mweupe. Tumeandika, tumekariri, na kwenye mtihani wa Serikali tutajibu bila shida. Lakini mfano ule ni wa ua gani? Ni huu huu wa nyuma ya darasa! Correns, Mjerumani, mmoja wa wale walioifufua kazi ya Mendel mwaka 1900, alifanya kazi na ua hili. Mwaka 1909 aliandika tena kwamba kwenye mimea yake yenye majani ya madoa meupe, rangi ya jani inafuata mama tu, baba hahesabiwi. Mendel mwenyewe, baada ya mbaazi zake, alilichukua ua hili na kuonyesha kwamba chembe moja ya chavua inatosha kuzaa mbegu. Watu hao walivuka bahari ya vitabu kulitafuta. Sisi tunalipita hatua ishirini tukienda msalani, na sasa tunataka kulilima.

Tunaona ni aibu, tuseme wazi.

Kazi yenyewe si ngumu. Kabla ya saa kumi unafungua kichipukizi cha ua jeupe, unatoa stameni zake tano kwa ncha ya sindano. Ni lazima kuwahi, maana ua hili likinyauka linajikunja na kujizalisha lenyewe. Halafu unaleta chavua ya ua jekundu, unafunika kwa mfuko wa karatasi, unafunga uzi wenye alama. Kila ua linatoa mbegu moja tu, ile nyeusi yenye mikunjo. Kwa hiyo anayetaka mbegu arobaini atafanya maua arobaini. Na kwanza ni lazima kujua kama jekundu letu ni jekundu kweli kwa ukoo, juu katika kitalu hiki rangi zimechanganyika miaka mingi. Sisi tutakuwa tumetoka. Watakaohesabu ni ninyi wadogo wa mwaka wa nne na wa tano.

Kuna wanaosema ua hili ni la kigeni, afadhali kulinda mimea yetu ya msituni. Neno zuri, lakini muhogo nao ulitoka Amerika, kama ua hili! Hatujasikia mtu anakataa sombe kwa sababu hiyo. Na mji wetu si mji wa kudharau mimea. Yangambi, kilometa mia moja hivi kutoka hapa, utafiti wa kilimo ulianza tangu wakati wa INEAC, iliyoundwa mwaka 1933. Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho makanisa yetu ya Kiprotestanti yalikianzisha mwaka 1963, kina kitivo cha sayansi. Wapo kati yetu wanaotaka kuingia pale. Wataingia wakiwa hawajashika ua hata moja?

Wanaoogopa sumu wana haki. Mbegu na mizizi ya ua hili ukila inaleta kutapika na kuhara. Lakini hapo ndipo majembe ya haraka yanatutia hofu zaidi: mkikatakata mizizi ile na kupanda muhogo juu yake, nani atachagua kipande kwa kipande?

Shauri letu kwa Bwana Prefe na kamati ya kazi ni hili. Sombe ipandwe upande wa kisima, kule kuna nafasi na majani yanaota bure. Kitalu kibaki mpaka mwisho wa mwaka wa masomo, kizungushiwe miti, na kila darasa la biolojia lipewe mstari wake. Siku ya posho sisi tutakuwa pale saa tisa na nusu. Mwenye daftari la zamani alilete, tunahitaji karatasi ya mifuko arobaini.