Mbwa Si Posti ya Fensi

Wasee wa Timau, hii tabia ya kumpaka mbwa oili chafu ya gari iishe. Na msifikiri ni nyinyi pekee, Nanyuki na Meru mjini pia mnanisikia. Mbwa akianza kutoka manyoya, mwenyewe anashika kichupa anaelekea gereji. Hiyo oili tunapaka posti za fensi ndio mchwa wasizile. Mbwa si posti.

Najua utaniambia, "Lakini huwa anapona!" Haya, tuongee. Upele wa mbwa mara nyingi unaletwa na utitiri, wadudu wadogo hata macho hayawaoni. Jike anachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo humo. Oili inaweza kufunika wale wa juu, mbwa apunguze kujikuna siku mbili, ukajiona daktari. Mayai yaliyo chini bado yataanguliwa. Na mbwa haogi kwa sabuni, anajisafisha kwa ulimi. Zile kemikali zilizoungua kwa injini, na vyuma vilivyosagika ndani yake, anameza. Zingine zinapita kwa ngozi ambayo tayari imechubuka. Akifa, mnasema ameuawa na upele.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Hapa kwetu kondoo akianza kujisugua kwa fensi na sufi ikitoka, mzee anakimbia agroveti siku hiyo hiyo. Kondoo ni pesa. Lakini mbwa anayelala nje kwa hii baridi ya mlima akilinda hao kondoo, dawa yake inatafutwa kwa fundi wa magari. Akizidi kuchakaa anafukuzwa kwa mawe, anaenda kuwapelekea mbwa wa jirani. Sasa umetatua nini?

Na usidhani uko salama. Utitiri wa mbwa unaweza kuhamia kwa mtu. Hauzaliani kwa ngozi yetu, lakini utakuwasha mpaka ujue. Ukimpaka mtoto mafuta na mbwa bado anajikuna mlangoni, unacheza tu.

Dawa iko. Ivamektini imejaa kwa agroveti, na William Campbell na Satoshi Omura, waliogundua familia ya dawa hiyo, walipewa Nobel mwaka wa 2015. Lakini pia usitoke gereji ukaingia ujinga mwingine. Ile chupa ya ng'ombe ina dawa kali, kipimo kinategemea uzito, na mbwa aina ya Collie anaweza kufa kwa sababu dawa inamfika kwa ubongo. Tena si kila mbwa aliyetoka manyoya ana huo utitiri. Kuna upele wa watoto wa mbwa ambao hauambukizi kabisa, na kuna fangasi. Daktari wa mifugo aangalie kwanza, na akisema dawa irudiwe, irudiwe, ndio wale waliokuwa mayai wapatikane.

"Daktari ni ghali." Kweli. Basi changeni na majirani, mumwite siku moja atibu mbwa wote wa hapo. Kutibu mmoja na wengine watano wanajikuna ni kumwaga pesa.

Na kaunti isijifiche. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mifugo na kuangalia maslahi ya wanyama. Imetaja hata leseni za mbwa. Kenya imejiwekea 2030 kama mwaka wa kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa, kwa hivyo mbwa lazima wapangwe foleni wachanjwe. Sasa kama mbwa tayari ameshikwa kwa kamba mbele ya daktari, mbona asitibiwe upele hapo hapo?

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, iko tangu zamani. Ukiona mtu na kichupa cha oili na mbwa kwa kamba, mwambie. Akikasirika, akasirike.