Kijibwa cha Mpangaji

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wapangaji. Tunaishi katika chumba kimoja au viwili, tukitumia ua mmoja, bomba moja na choo kimoja pamoja na familia nne au sita, zinazopishana humo tangu alfajiri hadi usiku. Katika ua wa namna hiyo jambo dogo halikawii kuwa kubwa. Beseni lililoachwa njiani huzua maneno, na redio iliyopigwa kwa sauti ya juu huwanunisha majirani juma zima. Leo, ndugu msomaji, napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukaliona la mzaha, nalo ni mkojo wa mtoto wa mbwa. Hata mimi nililiona la mzaha, mpaka nilipokwenda Bariadi.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Nilipanda basi Mwanza, tukapita Lamadi, na jioni nikabisha hodi kwa mdogo wangu wa kike, ambaye mumewe anafanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kabla sijaketi, mpwa wangu wa miaka minane alinishika mkono akanivuta mpaka nyuma ya mlango. "Mjomba, njoo umwone Simba!" Simba mwenyewe alikuwa mtoto wa mbwa wa wiki kumi hivi, mwekundu, mwenye tumbo la mviringo, ambaye angeweza kulala ndani ya kofia ya babu yake aliyemleta. Mzee huyo alikuwa amefika kutoka Itilima na tenga mbili, moja ina jogoo na nyingine ina mbwa. Jogoo aliliwa siku ile ile. Mbwa akabaki.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kutoa amri. Siku mbili kabla ya mimi kufika, Simba aliteleza mlangoni, akavuka ua, akakojoa juu ya mkeka wa jirani, fundi cherehani, ambaye ni Mwislamu na mkeka ule ndio anaosalia. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki, najisi ya mbwa haiondoki kwa kufutwa na kitambaa. Huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo huwa kwa udongo. Mama yule hakupiga kelele. Aliuosha mkeka wake mara saba mbele ya watu wote, kimya, na kimya kile kilimuumiza mdogo wangu kuliko matusi. Usiku wake mama mwenye nyumba akaja na kusema kwamba anatoa wiki mbili. Ama mbwa aishi kama watu wanavyoishi, ama aondoke. Na mtoto alikuwa anasikia.

Baadhi yenu mtauliza kwa nini mbwa huyo asilale nje, kama walalavyo mbwa wote wa Usukumani. Swali hilo ni la haki. Kijijini mbwa hafunzwi kwenda nje kwa sababu haingii ndani. Hulala uani karibu na zizi la ng'ombe, na akitaka kujisaidia pori liko hatua chache tu. Mama yake ndiye mwalimu wake. Lakini nyumba ya shemeji yangu iko pembezoni mwa mji, ua wake umezungushiwa miti tu, na fisi wa Simiyu si wa hadithi za watoto. Mbwa mkubwa anaweza kubweka na kukimbia, bali mtoto wa wiki kumi ni kitoweo. Kwa hiyo Simba alilazwa ndani, juu ya sakafu ya saruji, mahali ambapo hakuna mbwa wa ukoo wake aliyepata kulala.

Shemeji yangu, mtu mpole katika mambo mengine yote, alikuwa amejaribu njia aliyoijua. Kila alipokuta dimbwi chumbani alimshika Simba shingoni, akampeleka pua yake kwenye mkojo, kisha akamchapa kwa ufagio. Matokeo yake tuliyaona asubuhi iliyofuata. Simba alikuwa hakojoi tena katikati ya chumba. Alikuwa akikojoa chini ya kitanda, nyuma ya gunia la maharage, na alipomwona shemeji akiingia alijikunyata na kulaza masikio.

"Unaona?" shemeji akasema. "Anajua kosa lake."

Hapo nilimpinga, ingawa nilikuwa mgeni. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani aitwaye Alexandra Horowitz alichapisha matokeo ya jaribio lililohusu jambo hili hili. Mbwa waliokemewa na wenyeji wao walionyesha uso huo wa hatia, waliokosa na wasiokosa vilevile. Uso ule hauhusiani na kosa. Mbwa anasoma hasira ya mtu aliyesimama mbele yake, naye anaomba amani. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yake pale yanapofuatana papo hapo, kwa kitambo kama cha kupepesa macho mara moja au mbili. Ukimchapa baada ya dakika kumi, amechapwa kwa sababu umeingia mlangoni. Fundisho analolipata ni kwamba kukojoa mbele ya binadamu kuna hatari, kwa hiyo hutafuta maficho, na hata ukimtoa nje atakataa kujisaidia machoni pako. Mbali na hayo, nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumtesa mnyama, na mtoto wa mbwa hakuachwa nje ya sheria hiyo.

Mwalimu wa kweli, kama nilivyosema, ni mama mbwa. Katika wiki mbili au tatu za kwanza watoto wake hawawezi hata kujisaidia peke yao. Yeye huwalamba, wakajisaidia, akala uchafu wao, na kiota kikabaki safi. Baadaye, wapatapo nguvu za kutembea, hutoka wenyewe pale wanapolala na kwenda kando. Maana yake ni kwamba mtoto wa mbwa huletwa nyumbani kwetu akiwa na adabu moja tayari. Hapendi kuchafua malazi yake. Shida ni kwamba malazi yake ni madogo kama beseni, na chumba kilichobaki, pamoja na kitanda chetu na gunia letu la maharage, kwake ni nje.

Basi tulilirudisha tenga la babu. Tulikata upande mmoja likapata mlango, tukatandika khanga kuukuu, na Simba akawa analala humo usiku, mlango umefungwa kwa kamba. Tenga liwe la kumtosha kusimama, kugeuka na kulala tu. Likiwa kubwa atalala upande huu na kukojoa upande ule. Wala tenga si kifungo cha mchana kutwa. Mbwa wa miezi miwili hawezi kuuzuia mkojo wake zaidi ya saa mbili au tatu mchana, na uwezo huo huongezeka kadiri anavyokua. Anayemfungia tangu asubuhi hadi jioni anamlazimisha kuvunja ile adabu moja aliyokuja nayo.

Zilizobaki ni nyakati, na nyakati zenyewe hazina siri. Atolewe mara aamkapo, dakika chache baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Ale kwa saa maalumu, maana mbwa anayedonoa siku nzima hana saa ya kujisaidia. Apelekwe mahali pamoja kila mara, kwa sababu harufu ya jana humkumbusha kazi ya leo. Asemeshwe neno moja, sisi tulichagua "nje", kisha mtu asimame kimya, asicheze naye. Akimaliza, pale pale, asifiwe na apewe kitu. Mpwa wangu alijaza mfuko wa kaptula dagaa wakavu wa Ziwa Viktoria, na kwa siku tano tulizokaa pamoja mtoto yule alinuka kama soko la samaki. Akikosea ndani ukamwona, sema "nje", mbebe, mpeleke. Usipomwona, safisha na unyamaze. Pafuliwe kwa sabuni na maji, kisha pasuguliwe na siki. Dawa za kusafishia zenye amonia ziepukwe, kwa kuwa harufu yake inafanana na ya mkojo, nazo humrudisha pale pale.

Mahali hapo pa kwenda hapakuchaguliwa na sisi peke yetu. Mdogo wangu alianza kwa fundi cherehani, akamwomba radhi upya, akamwuliza ni upande gani wa ua ambao yeye hapiti akienda kutawadha. Wakakubaliana juu ya pembe iliyo nyuma ya choo, penye mpapai. Nadhani wiki mbili zile ziliokolewa na mazungumzo hayo kuliko dagaa.

Kinyesi kilizolewa kila siku kwa koleo na kutupwa katika choo cha shimo. Jambo hili lisifanywe kwa kuwaogopa majirani tu. Watoto wa mbwa karibu wote huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao, na mayai ya minyoo hiyo, yakishakaa udongoni wiki mbili au tatu, huweza kumwambukiza mtoto wa binadamu anayecheza hapo na kutia vidole kinywani. Kinyesi cha leo kikizolewa leo, mayai hayapati muda huo. Na dawa ya minyoo atolewayo mbwa haigharimu kama unavyodhani. Mwone bwana mifugo wa kata yako.

Kwa bwana mifugo huyo huyo kuna chanjo, na hapa jina la Simba lilinikumbusha jambo. Mwaka 1994 simba wa Serengeti, hifadhi inayopakana na mkoa huu, walikufa kwa ugonjwa uitwao distempa. Wapatao 1,000 waliangamia, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa hifadhi. Wataalamu walihitimisha kwamba yamkini ugonjwa ulianzia kwa mbwa wa vijijini, na baadaye kampeni za kuchanja mbwa zikaendeshwa katika vijiji vya kandokando ya hifadhi. Kwetu sisi binadamu hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu 59,000 kila mwaka duniani, walio wengi wakiwa wa Afrika na Asia, na kwamba karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa hakuna tiba. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na jeraha ni dogo. Na kabla Simba hajakamilisha chanjo zake, ile pembe ya mpapai ilimfaa kuliko jalala la mtaa, ambako mbwa wasiojulikana huacha magonjwa yao.

Usiku wa tatu palizuka ugomvi, na ndio ulionifanya niandike makala haya. Saa kumi na moja alfajiri Simba alilia katika tenga. Mdogo wangu akainuka, kama ainukavyo kila siku kuwasha mkaa, akashika tochi. Nikamsikia akisema gizani, kwa sauti ya chini, "Mtoto aliomba, baba akakubali, mimi nimepewa mkojo." Shemeji alikuwa macho. Hakujibu kitu.

Nimekwisha kuingia katika nyumba nyingi kwa ajili ya ukurasa huu, nami nasema bila kuficha kwamba mambo mengi yanayoitwa ya familia hugawanywa hivyo. Mbwa hufugwa na wote, dimbwi hufutwa na mmoja. Mtoto wa mbwa hawezi kufunzwa na mtu mmoja aliyechoka, kwa sababu shule yake ni saa, na saa hizo zinaanza wakati wengine wamejifunika shuka.

Asubuhi ile, juu ya chai, zamu zilipangwa upya. Shemeji, ambaye siku hizo alikuwa akitoka kiwandani saa nne usiku, akachukua safari ya mwisho ya usiku. Alfajiri akapewa mwenye mbwa. Mdogo wangu alisita, mtoto wa miaka minane, giza, na fisi je? Ikaamuliwa kwamba baba yake atasimama mlangoni na tochi. Mchana, mtoto akiwa shule, mama atamtoa mara mbili, basi. Nilipoondoka, shemeji alikuwa amekwisha kuutupa ule ufagio wa kuchapia, au pengine aliuficha, sikuuliza.

Juma lililofuata mdogo wangu akanipigia simu. Mvua zilikuwa zimeanza. Ninyi mnaoijua ardhi nyeusi ya mbuga mnajua inavyonata ikilowa, hata kiatu huachwa nyuma. Simba alifika mlangoni, akatazama tope, akageuka, akakojoa kando ya tenga. Siku mbili mfululizo. Shemeji akanunua bati moja, akaliegemeza kwenye miti minne pale mpapaini, akamwaga mchanga ndoo tatu chini yake. Simba akalikubali bati.

Siku ya kumi na nne mama mwenye nyumba alikuja alfajiri bila kuitwa. Alimkuta mpwa wangu mlangoni, nguo za kulalia zimelowa, dagaa mkononi, na baba yake nyuma ameshika tochi. "Shikamoo, bibi," mtoto akasema, akaogopa kusema zaidi. Simba alipita katikati ya miguu ya mama yule, akaenda mpaka chini ya bati, akachutama. Mama mwenye nyumba alimtazama mpaka akamaliza. Akauliza kama ni kweli juma lile alikosea mara mbili, naye shemeji akakiri.

"Nampa mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Na wewe, baba, unapopata pesa ongeza mabati mawili. Mbwa anajisaidia pakavu, na sisi tunanyeshewa njia nzima ya chooni."