Asiyekuwapo na lake halipo?



Wazee walitufundisha methali isemayo: «Asiyekuwapo na lake halipo.» Watu huitaja wakigawana nyama, wakigawana shamba, hata wakigawana maneno barazani. Juma hili napenda tuipime methali hiyo kwa jambo moja la nyumbani, nalo ni barua ya mtu aliye safarini. Barua ikifika kwetu nasi hatupo, ni yetu au si yetu? Nani aitunze? Nani aipeleke itufuate huko tuliko? Na ikipotea njiani, tumlaumu nani?

Huenda msomaji kijana akacheka, akasema: «Mwalimu, siku hizi kuna simu. Barua ni mambo ya babu.» La, mwanangu. Ni kweli salamu zimehamia katika simu. Lakini karatasi zenye nguvu hazijahama. Cheti cha shule, wito wa baraza la hukumu, barua ya kazi, karatasi za malipo ya mzee aliyestaafu, cheti cha ubatizo kinachotakiwa kwa ndoa: haya yote yangali yakitembea kwa karatasi yenye sahihi na muhuri. Anayekosa salamu hukosa furaha ya siku moja. Anayekosa karatasi ya namna hiyo aweza kukosa mwaka mzima.

Tutazame kwanza jinsi posta ilivyo. Mwaka 1874 mataifa yalikutana mjini Bern, nchi ya Uswisi, yakafanya mapatano ambayo ndiyo mwanzo wa Umoja wa Posta wa Dunia. Nchi yetu, wakati ule ikiitwa Dola Huru ya Kongo, iliingia katika umoja huo mwaka 1886. Shabaha ya mapatano ilikuwa hii: barua iliyolipiwa stempu katika nchi moja ipokelewe na kupelekwa mbele na posta ya nchi nyingine, kana kwamba dunia nzima ni nchi moja. Huko Ubelgiji, mtu anayehama nyumba aweza kuijulisha posta, naye akilipa ada, barua zinazofika kwa anwani ya zamani hupelekwa kwa anwani mpya kwa muda fulani.

Kwetu Lubumbashi mambo ni mengine. Kwa jumla hatuna mtu wa posta apitaye nyumba hata nyumba akibisha mlango. Barua huingia katika sanduku, na mwenye ufunguo huja kuichukua. Tena masanduku ni machache na watu ni wengi. Kwa hiyo sanduku moja la mjomba, la parokia, la shule au la kampuni hutumiwa na watu wengi wasio na sanduku lao. Posta haimjui Kalenga wala Ilunga. Inajua namba tu. Ikiisha kuiweka barua katika sanduku, kazi yake imekwisha. Kazi inayobaki, yaani kumtafuta mwenye barua, ni ya mwenye ufunguo. Naye mwenye ufunguo akiwa safarini Kasumbalesa kwa biashara, barua yalala gizani hata arudi. Na kodi ya sanduku isipolipwa, barua hazina tena pa kuingia.

Msiseme kwamba shida hii imezaliwa jana. Mji wetu wenyewe ni mji wa watu waliotoka mbali. Reli iliyotoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukaanza kujengwa kwa jina la Elisabethville. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwaita watu wa kazi kutoka Lomami, Kasai, Maniema na hata Rwanda. Mtu wa kambi alikuwa na namba yake ya kazi, nayo ilifaa kuliko jina, maana akina Kasongo walikuwa wengi. Lakini akihamishwa kutoka Lubumbashi kwenda Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, au Kolwezi, barua ya mama yake ilifika katika kambi ya zamani, ikakuta nyumba ina mtu mwingine.

Hapo misheni ilisaidia sana. Wabenediktini walifika Katanga mwaka 1910, na Wasalesiani walifika mjini mwaka 1911. Watu wengi waliandikiwa barua «kwa mkono wa misheni», maana mfanyakazi huhamishwa, lakini kanisa halihami. Jambo hilo lina mizizi ya kale. Mtakatifu Paulo hakuwa na posta. Barua yake kwa Warumi yamtaja Febe na kumsifia kwao, na ile ya Wakolosai yamtaja Tikiko kuwa mletaji wa habari. Tena aliwaagiza Wakolosai kwamba wakiisha kuisoma barua yao, isomwe na kwa watu wa Laodikia. Basi kupeleka barua mbele ni kazi ya zamani katika jamaa ya waamini.

Kisha yakaja mabadiliko ya majina, nayo yaliwatatiza watu wa posta kupita kiasi. Katanga ilipojitenga kuanzia Julai 1960 hata Januari 1963, ilipiga stempu zake yenyewe, lakini Umoja wa Posta haukuzitambua. Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi, na Jadotville ikawa Likasi. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire, na Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka 1972 hata watu wakabadilishwa majina: aliyebatizwa Yosefu aliandikwa kwa jina la babu yake, na barua ya rafiki aliyemjua kwa jina la Yosefu ikamtafuta mtu ambaye kwa karatasi hayupo tena. Baada ya mwaka 1990 majina ya ubatizo yakarudi. Mwaka 1997 nchi ikawa tena Kongo, na Shaba ikawa tena Katanga. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwandishi aliyeko ng'ambo, mwenye daftari la anwani la mwaka 1970, ataandika nini juu ya bahasha?

Mengine yalikuwa mazito zaidi kuliko majina. Mwaka 1992 na 1993 jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikangojea treni katika stesheni kwa majuma na miezi. Watu wale hawakuhama kwa kupenda, wala hawakupata nafasi ya kumwachia jirani anwani mpya. Na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walirudi vijijini au walihamia kwa watoto wao. Kila mtu anayeondoka hivyo huacha nyuma yake anwani isiyo na mtu.

Na sisi walimu twayaona haya kila mwaka. Mtihani wa serikali ulianzishwa mwaka 1967, lakini cheti chenyewe mara nyingi hukawia kufika. Kinapofika shuleni, kijana ameondoka zamani. Nimekuwa na mwanafunzi mmoja hodari, mtoto wa mjane. Alipomaliza masomo alikwenda Kolwezi kutafuta riziki. Alikuwa ameomba kazi katika ofisi moja, akaandika sanduku la mjomba wake wa hapa Lubumbashi. Jibu likaja: afike siku fulani kwa mtihani wa kazi. Mjomba hakuwapo, aliporudi, barua ilikuwa imelala siku tisa. Mtu mmoja wa ofisi akasema si kazi yake kuuliza kama mwenye barua amekuja. Mjomba akaikabidhi kwa mchuuzi aliyekuwa akienda Kolwezi. Mchuuzi hakuwa mtu mbaya. Aliitia ndani ya mfuko wa unga ili isiloane, akashukia Likasi kuuza mali yake, akakaa huko juma zima. Kutoka hapa hata Kolwezi ni kilomita 300 hivi, na basi hufika kwa siku moja. Barua ile ilikwenda kwa siku kumi na moja. Siku ya mtihani ilikuwa imepita, na nafasi imepewa mwingine. Mama yake aliniuliza: «Mwalimu, ni nani aliyemwibia mtoto wangu?» Sikuweza kumtaja mtu. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na watu wanne, kila mmoja akidhani kwamba mwingine ndiye mwenye wajibu.

Hapo ndipo methali yetu inapotupasa kuifikiri. Asiyekuwapo na lake halipo, kwa sababu waliopo hawakulitunza. Barua ya mtu ni amana. Anayeipokea amepokea mali ya mwenzake, kama vile amewekewa fedha au mbuzi. Hawezi kusema: «Sikuomba kuwekewa.» Tena amana hii ina siri ndani yake. Mjomba anayeifungua barua ya mpwa wake ili «aone kama ni ya haraka» amekwisha kuvunja amana, hata kama nia yake ni njema. Kama mwenyewe hakuruhusu, imwache imefungwa.

Basi tufanyeje? Nawapa mashauri machache, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kabla ya kusafiri kwa muda mrefu, chagueni mtu mmoja, si watatu, wa kupokea barua zenu. Mwambieni wazi, naye akubali kwa kinywa chake. Mwachieni namba ya simu yenu na ya mtu wa pili mtakakofikia, maana simu huibiwa, na kadi ya simu isiyotumiwa kwa muda hufungwa. Namba ya simu nayo ni anwani, na anwani hiyo hupotea upesi kuliko nyumba.

Pili, semeni tangu mapema kama mwaruhusu barua ifunguliwe au la. Mkiruhusu, mwenye kupokea aweza kuisoma, kuipiga picha kwa simu na kuituma kwa WhatsApp siku ile ile. Picha haishiki mahali pa karatasi yenye muhuri, lakini hutoa habari ya siku na saa, nayo yaweza kuokoa nafasi ya kazi.

Tatu, andikeni anwani kwa ukamilifu: jina lote kama lilivyo katika kitambulisho, jina la mwenye sanduku, namba ya sanduku, mji, jimbo na nchi. Wakaao katika mtaa wetu wa Kenya waangalie zaidi. Mtu akiandikiwa bahasha yenye neno «Kenya» peke yake, asishangae barua yake ikitembea hata Nairobi kabla ya kumfikia.

Nne, anayepokea barua ya mtu aliyehama asiitupe wala asiirudishe kimya. Aikate anwani ya zamani kwa mstari mmoja unaosomeka, aandike mpya kando, airudishe postani ipelekwe mbele. Kama haijui anwani mpya, aandike kwamba mwenyewe amehama, ili aliyetuma apate kujua.

Tano, karatasi ya thamani isitumwe kwa mpita njia bila shahidi. Ajensi za mabasi ziendazo Likasi na Kolwezi hupokea bahasha. Dai hati ya kuipokea, uitunze, umpigie simu mwenye barua umwambie basi lipi na siku gani. Ukiitoa kwa mkono wa rafiki, andika juu yake «kwa wema wa fulani», pamoja na tarehe. Mtu aonapo jina lake juu ya bahasha, hukumbuka kwamba ataulizwa.

Sita, wanafunzi mnaomaliza: rudini shuleni kuuliza. Katibu wa shule hawezi kuwatafuta vijana mia moja katika migodi yote ya Lualaba. Au mwandikieni mzazi wenu barua ya idhini, naye aje na kitambulisho achukue badala yenu.

Wazee wanaweza kukumbuka wakati wa foni, ile redio ya kusemeshana katika misheni na kwa wafanya biashara. Mtu wa Kamina alikuja akasema: «Mwambieni mwanangu wa Lubumbashi kwamba baba yake ni mgonjwa.» Aliyesikia upande wa pili alimtuma mtoto akimbie mtaani kumtafuta mwenye habari. Hakumjua, wala hakulipwa kwa kukimbia. Lakini alijua kwamba habari ile si yake, na kwamba kesho habari yake mwenyewe itapita katika masikio ya wengine.

Basi, ndugu wasomaji, juma hili tazameni juu ya kabati, chini ya godoro, ndani ya Biblia ya baba na katika kasha la mama. Mkikuta bahasha yenye jina la mtu asiyekaa tena kwenu, msingoje Jumapili ijayo. Mtafuteni leo, mmwambie: «Kuna lako kwetu.»

Mwalimu wenu