BAISKELI YA KWANZA IPIMWE KWA MIGUU YA MWENYEWE

Muhula huu ukifungwa, wengi wetu tutarudi nyumbani wakati wazazi wameuza mpunga, mahindi au tumbaku. Huo ndio msimu wa kununua baiskeli katika mkoa wetu wa Katavi. Ukipita madukani Mpanda mjini siku hizo utawaona mafundi wamekaa chini ya vibaraza, wakifungua maboksi, wakikaza spoku na kuvalisha matairi. Utawaona na akina baba wakizisukuma baiskeli mpya kuelekea vijijini, karatasi za dukani zingali zimefungwa kwenye fremu. Ni jambo la kufurahisha, kwa kuwa mtoto mwenye baiskeli hufika shuleni mapema na hana sababu ya kulala darasani kwa uchovu.

Lakini nina neno moja la kuwaambia wazazi na wanafunzi wenzangu juu ya ununuzi huo. Neno lenyewe ni hili: baiskeli inunuliwe kwa kipimo cha yule atakayeipanda leo, si kwa kipimo cha mtu tunayetumaini kwamba atakuwa baada ya miaka mitano.

Nilipokuwa darasa la sita, mwenye umri wa miaka 12, baba yangu aliuza mpunga akaja mjini kuninunulia baiskeli. Alikuja peke yake, mimi nikabaki nikichunga ng'ombe. Jioni alirudi na baiskeli kubwa nyeusi, ya magurudumu namba 28. Mama aliitazama, kisha akanitazama mimi, akasema, "Mbona inamzidi?" Baba akajibu, "Atakua nayo."

Fundi alishusha kiti mpaka mwisho, lakini miguu yangu haikufika kwenye pedeli. Basi nikajifunza kama watoto wengi wa kwetu wanavyojifunza: kupitisha mguu mmoja chini ya mtalimbo, yaani lile bomba la juu litokalo kwenye kiti kwenda kwenye usukani, mwili umepinda upande kama wa mtu aliyebeba ndoo nzito. Nilikwenda hivyo kwa miezi mitatu, nami nikajiona hodari. Siku moja nilikuwa natoka mashineni na debe la unga kwenye keria. Katika mteremko kundi la ng'ombe likakata njia. Nilishika breki, baiskeli ikasimama, lakini sikuwa na pa kuweka mguu. Mguu mmoja ulikuwa umenasa ndani ya fremu, na wa pili haukufika chini. Nikaanguka pamoja na baiskeli na debe. Mkono wangu wa kulia ulivunjika. Nilikaa wiki sita bila kushika kalamu, na mtihani wa mwisho wa muhula nilisimuliwa tu na wenzangu.

Simlaumu baba. Alitoa fedha ya mavuno yake, na maneno "atakua nayo" ni maneno ya mapenzi. Ndivyo wazazi wetu wanavyonunua mashati ya shule na viatu. Lakini hapo ndipo pana kosa. Shati kubwa hukunjwa mikono. Kiatu kikubwa huwekwa kitambaa mbele. Chuma hakikunjwi wala hakiwekwi kitambaa. Fremu ikishachomelewa kiwandani, imekwisha. Kitakachobadilika ni kiti na usukani tu, navyo hubadilika kidogo.

Tena msomaji asikie ajabu hii. Likizo iliyopita nilichukua futi ya fundi cherehani nikaipima baiskeli ile ile. Mtalimbo wake una kimo cha sentimita 86 kutoka ardhini. Mguu wangu kwa ndani, kutoka sakafuni mpaka mapajani, sasa ni sentimita 79. Nina umri wa miaka 17, niko kidato cha nne, ndevu zimeanza kuota, na bado sijakua nayo!

Kosa la kwanza, naona, latokana na namba. Mzazi akifika dukani husema, "Nataka ishirini na nane," au, "Nataka ishirini na sita." Anadhani ametaja ukubwa wa baiskeli. La, hasha. Namba hiyo ni ya gurudumu: ni upana wake kwa inchi, kutoka ukingo mmoja wa tairi mpaka wa pili. Fremu ina namba yake nyingine. Hiyo hupimwa kutoka katikati ya ule mhimili unaozungushwa na pedeli, kupanda juu mpaka mwisho wa bomba linaloshika kiti. Zile baiskeli kubwa nyeusi za namba 28 hutengenezwa zaidi kwa fremu za inchi 22 na za inchi 24. Kwa sentimita, ya kwanza ni karibu 56 na ya pili karibu 61. Magurudumu ni yale yale, bei yaweza kuwa ile ile, lakini mtu mmoja ataikalia moja vizuri na kuning'inia juu ya nyingine. Anayetaja gurudumu tu amenunua nusu ya baiskeli. Nusu ya pili amechaguliwa na bahati.

Je, tupimeje? Wala haihitaji elimu kubwa. Kwanza, mtoto asimame ameegemea ukuta, amevaa viatu atakavyoendea shule. Aweke daftari gumu katikati ya mapaja, alivute juu mpaka liguse, kisha mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa daftari. Huo ndio urefu wa mguu wa ndani. Uandikwe kwenye karatasi, uende dukani.

Pili, huko dukani mtoto apande mtalimbo miguu huku na huku, mbele ya kiti, nyayo zote mbili zikiwa chini. Kati ya mtalimbo na mwili ibaki nafasi ya vidole vitatu au vinne. Kwa njia zetu za mchanga na makorongo, nafasi ikizidi hapo si hasara. Isipokuwepo nafasi, baiskeli hiyo irudishwe ilipokuwa, hata kama inang'aa namna gani.

Tatu, akae kwenye kiti, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kulala upande. Baadaye akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama ipasavyo, goti litabaki limekunjwa kidogo. Kiti kikiwa chini mno, magoti huuma. Kiti kikiwa juu mno, kiuno hucheza huku na huku na mgongo huchoka.

Nne, aweke kiwiko kwenye ncha ya kiti na kuunyosha mkono kuelekea kwenye usukani. Vidole vikaribie kuugusa. Hicho ni kipimo cha kukisia tu, lakini chatukumbusha kwamba fremu ina urefu wa kwenda mbele pia, si kimo peke yake.

Habari hiyo ya urefu wa mbele inawahusu hasa vijana wenzangu wanaotamani baiskeli za mbio. Mwenzetu mmoja alinunua ya mtumba kwa kupenda rangi yake nyekundu na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Fremu yake ilikuwa ya sentimita 58, na mwenyewe ni mfupi kuliko mimi. Macho yalifurahi, mgongo ukakataa. Alilala juu ya baiskeli kama mtu anayefikia embe la mbali. Shingo ikamuuma, viganja vikafa ganzi. Mwezi haukwisha akaiuza kwa hasara. Laiti angefanya hesabu ndogo! Kwa baiskeli ya mbio yenye mtalimbo ulionyooka, urefu wa mguu wa ndani huzidishwa kwa 0.65. Wangu wa sentimita 79 hunipa 51 na kidogo, kwa hiyo mimi nitafute fremu ya 51 au 52. Kwa zile za siku hizi ambazo mtalimbo wake huinama nyuma, hesabu hiyo ni mwanzo tu. Sharti mtu aipande na kuijaribu, maana viwanda havipimi kwa namna moja.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa majirani zetu wa Rwanda, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mwaka uliotangulia Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mashindano ya Tour de France na kutwaa jezi ya kijani. Watu wa namna hiyo hupimwa kiti na usukani kwa milimita. Hakuna hata mmoja wao anayepewa baiskeli na kuambiwa atakua nayo. Ikiwa mabingwa wenye misuli kama ile hawawezi kushindana na fremu isiyowafaa, mtoto wa darasa la sita mwenye debe la unga ataweza?

Najua wapo watakaonipinga. Wa kwanza atasema, "Baiskeli ni ghali, na mtoto hukua kila mwaka. Ninunue kila mwaka?" Hapana. Nunua fremu inayomfaa leo kiti kikiwa chini. Akikua, kiti kitapandishwa kidogo kidogo, alimradi bomba lake lisivutwe kupita alama iliyowekwa. Nafasi ya kukua iwe kwenye bomba la kiti, isiwe kwenye fremu. Na akiipita kabisa, mdogo wake ataipokea ikiwa nzima, kwa sababu baiskeli inayomtii mwenyewe haianguki kila wiki.

Wa pili atasema, "Nyumbani kwetu baiskeli ni moja. Baba huendea mjini, mama hubebea mihogo, watoto huendea shule." Hoja hii ni nzito, na ndiyo hali ya nyumba nyingi, na yetu pia. Nami najibu: kama baiskeli ni moja, ichaguliwe kwa mfupi zaidi kati ya wale wanaoipanda kila siku. Mrefu anaweza kupandisha kiti. Mfupi hawezi kukata chuma.

Wa tatu ni kijana mwenzangu. Yeye hatasema kwa sauti, lakini moyoni anaona haya. Ziko fremu zisizo na mtalimbo wa juu, ambazo bomba lake limeinama chini, nazo huitwa baiskeli za kike. Hizo zingewafaa sana watoto wafupi na watu wa nyumba moja wenye vimo mbalimbali, lakini mvulana akipanda hiyo atachekwa mpaka akimbie. Nauliza: ni aibu ipi iliyo kubwa, kupanda baiskeli isiyo na mtalimbo, au kulala wiki sita na mkono kwenye plasta? Chuma hakina uke wala ume. Kicheko cha wenzako kitakwisha jioni. Mfupa hauungi jioni.

Jambo hili si la mchezo, na siku hizi limezidi uzito. Tangu barabara ya kutoka Tabora kuja Mpanda iwekwe lami, mabasi na malori yanapita kwa kasi ambayo wazee wetu hawakuizoea. Zamani mtoto aliyekosa pa kuweka mguu alianguka mchangani. Leo huenda akaangukia lami, na lori liko nyuma yake. Kufika chini kwa mguu, basi, kwaweza kuwa tofauti ya kurudi nyumbani na kutorudi.

Kwa walimu wetu nina ombi dogo. Siku ya kufunga shule, futi moja ya cherehani na daftari moja vyatosha kuwapima wanafunzi wote wa darasa kabla ya kengele ya chakula. Kila mmoja aende nyumbani na namba yake kwenye karatasi, kama anavyokwenda na ripoti yake ya masomo.

Kwa wazazi nasema: msiende dukani bila mtoto. Mwezi wa kwanza mdogo wangu wa kike ataanza kidato cha kwanza, na shule yake iko mbali na kwetu. Nimekwisha kumwandikia baba barua, nikamwamkia, nikamwomba jambo moja tu: siku ya kununua baiskeli ng'ombe wachungwe na mtu mwingine, binti aende mjini na miguu yake mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne