Utawala bora usifungiwe ndani ya chuo kikuu

Ninyi familia mlioacha mashamba yenu Rutshuru, Kiwanja, Bunagana na kwingine kwa sababu ya vita: neno «utawala bora» tumelisikia hadi masikio yamechoka. Linaandikwa kwenye bango, linasemwa kwenye semina, watu wanapiga picha, kisha kila mtu anarudi kwake. Maoni yangu ni kwamba neno lenyewe halina kosa. Kosa ni mahali linaposemewa, na lugha linayosemewa.

Tuangalie kwa majirani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tanzania, kilianzisha mwaka 2008 Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Mwaka uliofuata, mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria alialikwa kutoa mihadhara huko. Wanamkumbuka Nyerere kwa kujadili mambo aliyoyasimamia. Azimio la Arusha la 1967, kwa mfano, lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni au kupangisha nyumba. Mtu anaweza kulipinga, lakini anajua anapinga nini.

Sisi nasi tuna sheria. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 99, inamtaka Rais na mawaziri wataje mali za familia zao kwa maandishi mbele ya Korti ya Katiba, wanapoingia kazini na wanapotoka. Asiyefanya hivyo ndani ya siku 30 anahesabiwa kuwa amejiuzulu. Ni raia wangapi wamewahi kuelezwa hilo kwa Kiswahili?

Na wa kukumbukwa tunaye hapa hapa Goma. Floribert Bwana Chui alikuwa mfanyakazi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Alikataa hongo ili chakula kilichooza kisiingie sokoni. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Papa Francis alimtaja mbele ya vijana Kinshasa, Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri kule Roma. Lakini mfano wake si wa Wakatoliki peke yao. Chakula kile kingeliwa na Mwislamu, Mprotestanti na asiye na dini.

Kwa hiyo ninapendekeza: vyuo vikuu vya Goma viungane, viandae kila mwaka, mwezi wa Julai, mhadhara wa kumkumbuka. Ila kwa masharti matatu. Kwanza, usemwe kwa Kiswahili na urushwe redioni, ili mama aliye Rutshuru au anayehifadhiwa na ndugu zake mjini ausikie. Pili, usiishie kwenye maneno makubwa. Uzungumzie barieri za barabarani, kodi zisizo na risiti, na orodha za msaada. Tatu, wananchi waulize maswali, na mwenye madaraka, awe nani, ajibu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Najua wengine watasema: «Vita havijaisha, watu wana njaa, mhadhara utatupa nini?» Swali hilo ni la haki. Mhadhara haujazi sufuria. Lakini mtu aliyehamishwa na vita ndiye anayeuonja utawala mbaya kabla ya wengine. Jina lake likiondolewa kwenye orodha na kuwekwa la mtu asiyehusika, watoto wake wanalala njaa siku hiyo hiyo. Akiombwa pesa ili apewe jetoni ya msaada ambao ni wa bure, hiyo ni hongo sawa na ile ya mpakani. Anayejua haki yake, na anayejua kwamba wenzake wanaijua pia, si rahisi kumdanganya.

Floribert hakuwa waziri wala gavana. Alikuwa kijana mwenye kazi ya ofisini, na kwenye kazi hiyo alisema hapana. Profesa atueleze sheria, sawa. Lakini mwenye orodha, mwenye muhuri na mwenye ufunguo wa depo nao wawe wamekaa palepale, wakisikiliza.