Dada, Kabla ya Jiwe Jifunze Kuunga

Wanawake watu wazima kujifunza usonara wa fedha ni jambo la kheri, na mkono uliozoea sindano hauogopi tupa. Nisichokubali ni mafunzo yanayomkalisha mwanafunzi kwenye jiwe siku ya kwanza, kwa sababu jiwe linapendeza kwenye picha. Nani anatia shanga kwenye gauni kabla hajajua kushona mshono?

Fedha ina utaratibu wake: kukata kwa msumeno mwembamba, kuunga kwa moto, kupiga tupa na msasa. Jiwe huja mwisho. Tanzanaiti ikipata moto wa ghafla hupasuka, kwa hiyo kikalio chake huungwa kwanza, pete ipoe, ndipo jiwe liwekwe na ukingo ukunjwe taratibu. Asiyejua kuunga ataishia kutia gundi.

Na bibi harusi ataivaa pete hiyo akitia udhu, akifua, akipika. Gundi ikiachia, jiwe limekwenda na maji. Mtume (s.a.w.) alimkemea muuza nafaka aliyeficha iliyoloa chini ya kavu; pete ya gundi inayouzwa kama iliyopachikwa ina tofauti gani? Hata namba 925 ni amana: sehemu 925 kati ya 1,000 ziwe fedha halisi.

Basi dada, kabla ya kulipa ada muulize mwalimu: kuunga tutafundishwa lini? Akikwambia si lazima, tafuta mwingine. Allah atubarikie kazi za mikono yetu, aamin.