Kigali mke bosi, Kampala mume bosi!

Wiki iliyopita niliwaahidi kisa cha safari yetu ya majuu, mimi na mzee wangu wa nyumbani, na najua kuna waliocheka. Binti wa Ngara, mume fundi pikipiki, majuu ya wapi? Hebu tulieni niwape jiografia kidogo. Dar es Salaam kwetu ni zaidi ya kilometa 1,200, unakalia kiti cha basi mpaka miguu inavimba. Kigali je? Unakunywa chai Ngara, unavuka Rusumo, na chakula cha mchana unakikuta mezani kwa watu. Sasa nani yuko mbali na nani?

Tulifunga ndoa Januari mwaka 2025. Watu wa mjini wakioana wanakimbilia Zanzibar kupiga picha ufukweni. Sisi tulikaa tukapiga hesabu, tukaona kwa hela ileile tunaweza kuona miji mikubwa mitatu ya nje, Kigali, Kampala na Nairobi, bila kulala gesti hata siku moja. Kila mji tuna mtu wetu. Pasipoti zilimeza 150,000 kila moja, yaani laki tatu nzima kabla hata hatujatoka kwenye kizingiti cha mlango, ila viza kwa sisi wa Afrika Mashariki hailipiwi. Zawadi tukabeba madumu matatu ya asali ya Biharamulo, kwao mume wangu, dumu moja kwa kila mwenyeji. Nawaambia ukweli: ukienda kulala kwa mtu mikono mitupu, hata akikuchekea, moyoni anakuhesabia vitumbua.

Agosti 20 hao tukaondoka. Pale Rusumo siku hizi mambo ni ya kisasa. Tangu mwaka 2016 kuna kituo cha pamoja: unavuka daraja kwanza, halafu Mtanzania anakugongea muhuri wa kutoka na Mnyarwanda wa kuingia, jengo moja. Askari mmoja alifungua dumu, akanusa, akatabasamu, akafunga. Saa yangu ilisema saa tatu asubuhi, ya ukutani ikasema saa mbili, kwa kuwa Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Mume wangu akasema tumeongezewa saa ya bure kwenye ndoa. Gari likahamia upande wa kulia wa barabara na nikaona anashika kiti kwa nguvu, fundi wa vyombo vya moto!

Kwenye daraja lile, jamani, sikuweza kupita hivihivi. Chini pale Kagera inanguruma muda mfupi tu baada ya kupokea maji ya Ruvubu. Mwaka 1994, Aprili 28 na 29, watu wapatao 250,000 walivuka hapo ndani ya saa 24 wakikimbia mauaji, wakaangukia Benaco, kwetu. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Bibi yangu husimulia kwamba jioni walilala kilima kikiwa majani na asubuhi wakaamka kilima kikiwa watu. Kambi zile zilifungwa mwishoni mwa mwaka 1996, lakini ukipanda basi la Kigali na mtu mzima wa Ngara, ukifika darajani atanyamaza. Wewe nyamaza naye.

Basi bwana, Kigali. Shoga yangu tuliyesoma naye sekondari aliolewa huko, anakaa Nyamirambo, mtaa wa wajanja, misikiti, mishikaki na Kiswahili kibao. Kiswahili chenyewe kule ni lugha rasmi tangu mwaka 2017, lakini msidanganyike, ukitoka Nyamirambo ukaenda soko la Kimironko au stendi ya Nyabugogo, Kinyarwanda ndicho kinachokula sahani moja na watu. Na hapo ndipo mimi nilipopata cheo. Sisi Wahangaza Kinyarwanda tunakisikia bila mkalimani, Kihangaza na lugha ile ni kama mtu na binamu yake. Mume wangu ni Mzinza wa Biharamulo. Alisimama hapo kama begi.

Nikawa ndiye ninayeuliza njia, ninayepunguza bei, ninayemwambia mwenye pikipiki atupeleke wapi. (Kule abiria ni mmoja kwa pikipiki moja, na kofia ngumu lazima. Ile mishikaki yetu ya watu watatu na gunia la mahindi isahau.) Hata hela nilishika mimi, kwa sababu yeye alikuwa akitajiwa bei anatoa noti yoyote na kungoja huruma ya muuzaji. Siku ya kwanza tulicheka wote. Siku ya pili nilicheka mwenyewe.

Mnajua wahenga walivyosema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu shoga yangu akanipa jembe langu: mashine ya kukaushia nywele. Ana saluni, wateja foleni, na msichana wake aliugua. Nikasuka na kukausha kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mikono yangu, sijisifu, wateja waliipenda. Jioni akanivuta pembeni. “Dada, njoo ukae na mimi miezi mitatu tu. Utalala hapahapa, tutagawana kazi ya mikono yako nusu kwa nusu. Shemeji atakungoja Ngara, si mtu mzima?”

Usiku huohuo, Agosti 22, Taifa Stars walikuwa wanacheza robo fainali ya CHAN na Morocco pale Dar. Mume wangu alikwenda kuangalia kwenye kibanda cha televisheni mtaa wa pili. Tulifungwa moja bila. Aliporudi nilidhani amenuna kwa ajili ya mpira, nikaanza kumpa pole. Akanijibu kwa sauti ya chini, wenyeji wasisikie, “Mke wangu, huku wewe ni mkubwa. Mimi hata maji ya kunywa sijui kuomba.”

Nisiwafiche, sikupata la kusema. Ya saluni nikayameza, sikumwambia kitu.

Kesho yake tulikwenda Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mume wangu alisimama muda mrefu mbele ya maua, halafu akasema hiyo ni idadi ileile iliyovuka daraja kwetu kwa siku moja. Tulirudi Nyamirambo kwa miguu, mwendo wenyewe si mdogo, na njia nzima hatukuzungumza habari ya pesa, bei wala bosi.

Kwenda Kampala tulipita Gatuna, mpaka ambao ulifungwa tangu Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022 wakubwa walipokuwa hawaelewani, na wenye wachumba upande wa pili walikoma. Jirani yetu kwenye basi alitoka Bujumbura. Burundi nayo ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo mzee wa watu alitokea Kobero akaingia Kabanga, akazunguka wilaya ya Ngara nzima mpaka Rusumo, ndipo akaingia Rwanda. Mataifa mawili jirani, na barabara yao inapita uani kwetu! Nikampa pipi.

Baada ya mpaka gari lilirudi kushoto, saa ikarudi ya kwetu, na mume wangu naye akarudi kuwa mume. Mbarara wauza chakula walivamia madirisha wakizungumza Kinyankole, na mzee wangu akanyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Kizinza na Kinyankole wanajuana vizuri. Alichomoa kichwa nje, akabishana, akacheka, akarudi na ndizi za kuchoma na chenji kamili. “Umesikia walichosema?” akaniuliza. Sikusikia kitu. Aliniangalia kwa furaha mpaka nikataka kumfinya.

Kampala yenyewe ni mji wa makelele na raha. Bodaboda kama nyuki, watu wanakusalimu ssebo na nnyabo hata wakikukanyaga, na chapati wanayoviringishia mayai pale Wandegeya nilikula mpaka nikaona aibu. Kiganda kilimshinda nusu, ila nusu ile nyingine ilimtosha. Mwenyeji wetu ni mshikaji wake wa utotoni, walicheza wote mpira wa makaratasi Biharamulo, sasa ana kibanda cha vipuri soko la Kisekka. Huko ndiko mume wangu alikopotelea. Siku ya kwanza alikwenda “kusalimia tu” akarudi saa mbili usiku, mikono oili mpaka kwenye viwiko, uso unang'aa. Siku ya pili kadhalika. Mimi nikabaki nyumbani na mke wa mshikaji, hatuna lugha ya kueleweka, tunachambua mboga na kuchekeana. Sasa begi nikawa mimi.

Na dili likaja, kama mnavyotegemea. Mshikaji anamtaka fundi anayemwamini. Benchi lipo, wateja wapo. “Shemeji,” akaniambia mezani kwa heshima zote, “niazime huyu kaka miezi mitatu.”

Miezi mitatu! Hawa watu walikubaliana wapi? Hapo ndipo nilipofungua mdomo na ya Kigali yakatoka. Mume wangu akaacha kula. Kilichomuuma si kazi, ni kwamba nilikaa nayo siku tano moyoni. Tulilala kila mtu ukuta wake, kwenye nyumba ya watu, kitanda cha watoto wao ambao walikuwa wamelala sebuleni kwa ajili yetu. Ukitaka kujua ubaya wa ugomvi, gombana kwa kunong'ona.

Basi la usiku likatufikisha Nairobi Agosti 30. Mwenyeji wetu wa tatu ni dada wa Biharamulo, jirani yao mume wangu, anauza mitumba Gikomba na kuishi Kayole. Sote tulikuwa tunamjua kwa picha zake: yuko na KICC nyuma yake, yuko kwenye jengo refu na juisi mkononi. Chumba chake ni kimoja. Kitanda, jiko, ndoo na marobota, vyote vinaonana. Hakuomba radhi, na nilimpenda hapohapo. “Picha ya KICC ni ya mwaka jana,” akasema, “sijarudi tena mjini zaidi ya kushuka kwenye matatu.” Kiswahili chetu kiliwachekesha majirani zake, eti tunaongea kama taarifa ya habari. Nairobi hapakuwa na bosi kati yetu, wote washamba.

Jioni mume wangu akaalikwa kwa jirani kuangalia fainali ya CHAN ya pale Kasarani, Morocco wakamfunga Madagascar 3-2. Sisi wawili tulibaki tukikunja marobota. Nikamuuliza habari ya shemeji, maana nilijua ameolewa. Akaendelea kukunja.

“Tulisema miezi mitatu,” akanijibu. “Mimi nije nitafute, yeye abaki na shamba. Ikawa sita. Ikawa mwaka. Hatukugombana hata siku moja, mdogo wangu. Simu tu zilizidi kuwa fupi.”

Aliifungua asali yetu, akachovya kidole, akasema ina ladha ya nyumbani, kisha akafunika haraka.

Njiani kurudi, Sirari mpaka Mwanza, nilimweleza mume wangu yote. Alisikiliza. Tulipita lile daraja jipya la Kigongo na Busisi, kilometa tatu juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025, na abiria wote walikuwa wanapiga picha isipokuwa sisi. Biharamulo tukalala kwa mama mkwe. Alituangalia mara moja tu, akaniuliza, “Mwanangu, mmechoka au mmechokana?” Nikasema tumechoka. Akamwita mwanawe nje, wakakaa kwenye gogo mpaka usiku mkubwa, na walichozungumza sijaambiwa mpaka leo.

Sasa tuko Ngara. Madumu yamebaki matupu, mfukoni mna elfu kumi na nne. Mshikaji wa Kampala ameambiwa asubiri. Shoga yangu wa Kigali anataka jibu Ijumaa, na nimemwambia wazi kwamba peke yangu siji, kama kuna chumba cha watu wawili na mahali pa kutengenezea pikipiki tuzungumze. Mume wangu hajasema ndiyo wala hapana. Ila juzi usiku nilitoka uani, nikamkuta amechuchumaa kando ya injini ya mtu, tochi mdomoni, anapanga boliti kwenye kitambaa moja moja. Akaitoa tochi mdomoni ndipo nikasikia anachonong'ona: rimwe, kabiri, gatatu.